Mswaki Uliomkasirikia Mwanangu

Mwanangu Mwikali,

Mwalimu wetu wa Kiswahili akiiokota karatasi hii ataizungushia wino mwekundu hapo juu. Atauliza, tangu lini msichana wa sekondari akamwita mama yake "mwanangu"? Wewe hutauliza. Ni wewe uliyenipa jina la mama yako mzazi, Syombua, na kwetu Wakamba anayepewa jina hupewa pamoja na heshima ya mwenye jina. Tangu nikiwa nabebwa mgongoni unaniita mwaitu, mama yangu. Baba anasema nikilia ulikuwa unamwambia, "Ngoja kwanza nimnyonyeshe mama." Nilipokataa uji ulininung'unikia, "Mwaitu, wewe si ulinilea vizuri, mbona sasa unanisumbua?" Nami nilipoanza kujua maneno nikajifunza kukujibu, "Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Umekuwa mchezo wetu miaka yote. Leo nautumia kwa haja, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka kwenda kufanya kazi Nanyuki, na kuna jambo ambalo kama binti siwezi kulisema. Nikilianza unafunika mdomo kwa kiganja, nami naona haya, naishia kukuuliza kama chumvi imetosha.

Mambo ya nyumba siyaandiki. Maji, tokeni za stima, sweta ya mdogo wangu Kyalo, dawa ya Baba ya mgongo, yote umeyasema, Baba akayarudia, na Kyalo sasa anayaimba kama kwaya. Mimi nakuandikia juu ya mswaki. Ule wa stima. Jioni hii nimeukuta tena juu ya rafu, umefichwa nyuma ya mkebe wa majani chai, na begi lako limeshafungwa zipu. Ndani ya begi, nisamehe nimechungulia, kuna ule mwingine, wa zamani, mgumu kama brashi ya viatu.

Mwanangu, bado sijatoka katika mshtuko. Acha nikueleze jinsi nilivyoingia.

Siku Shosho alipokupa mswaki ule uliingia nyumbani ukicheka, na kiganja mdomoni kama kawaida yako. Umemfulia nguo bibi huyo mzee kule Kawangware tangu kabla Kyalo hajazaliwa, na tumezoea kusikia vituko vyake, lakini siku hiyo ulishindwa hata kuketi. Kijana wake wa ng'ambo alikuwa amemtumia kifurushi, na Shosho alipokifungua akakuita kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Mama Syombua, kuja uone maajabu. Huyu kijana wangu anafikiri bado niko na meno! Si haya yangu yanalala kwa glasi? Nipige mswaki glasi?"

Ukamwambia aurudishe. Akakuambia, "Nirudishe kwa ndege? Chukua wewe. Wewe ndio uko na meno, hata kama unayaficha kama pesa ya chama."

Ulitusimulia yote, mpaka hapo kwenye kufichwa. Hapo ulicheka peke yako kidogo, halafu kiganja kikarudi mdomoni. Mimi niliona.

Tuliujaribu jioni ile ile. Baba alisoma karatasi ya maelezo kama anayesoma hukumu, Kyalo akashika karai, ukaweka dawa ya meno, na kwa kuwa hakuna aliyetuambia uingize mdomoni kwanza ndipo uwashe, ukawasha kwanza. Wueh! Dawa iliruka ikampata Kyalo jichoni, nyingine ikatua kwenye kalenda, nyingine kwenye redio. Baba alirudi nyuma akagonga kichwa kwenye rafu.

"Hiyo si mswaki," akasema. "Hiyo ni drili. Mimi natoboa mbao na kitu kama hicho."

Ukaosha, ukaanza upya, safari hii mdomo umefungwa. Mara tu ulipokandamiza, shingo ya mswaki ikawaka taa nyekundu na sauti yake ikashuka, kutoka kwenye mlio mwembamba hadi mnuno mzito, kama mtu aliyechokozwa.

"Mum, imekasirika!" Kyalo akapiga kelele, jicho moja bado limefumba.

Uliutoa, taa ikazima. Ukaurudisha, nyekundu. Ukageuza upande, nyekundu. Ukaushika kwa mikono miwili kana kwamba utakimbia, nyekundu tena. Baba alirudi kwenye karatasi akatafuta, akasoma polepole: taa nyekundu maana yake unakandamiza kupita kiasi, kijani maana yake mkono uko sawa.

"Kupita kiasi?" uliuliza, povu likikudondoka kidevuni. "Nimegusa tu!"

Hapo ndipo mshtuko wangu ulipoanza, kwa sababu nilikuwa nimekuangalia na nilijua umesema kweli. Kwako kule kulikuwa kugusa tu. Nikatazama povu ndani ya karai. Lilikuwa la waridi. Nikakuonyesha, nawe hukushtuka hata kidogo. "Hiyo ni damu mbaya," ukasema. "Ikitoka ndio unajua yamesafika. Hutoka kila siku."

Kila siku, mwanangu. Tunaishi chumba kimoja hapa Soweto East, Kibera, pazia ndilo ukuta wetu, najua kikohozi chako na cha jirani, na sikujua kwamba kila siku unatema damu na kuihesabu kuwa usafi.

Uliupangusa mswaki ule, ukaurudisha kwenye boksi lake, ukasema ni mchezo wa matajiri ambao mikono yao imechoka kwa kukaa. Wako haujachoka. Sikubishana. Nani angebishana na mkono wako? Sufuria zetu zinang'aa kuliko siku ziliponunuliwa. Kola za mashati yangu ya shule huisha kabla ya muhula. Viwiko vyangu unavijua. Na sahani ya Shosho ndiyo sitaisahau, ile ya bati yenye maua ya buluu, iliyogandiwa na maharagwe yaliyoungua. Uliisugua kwa waya mpaka maharagwe yakatoka, ukaona bado kuna madoa, ukaongeza nguvu. Shosho alipokuja jikoni alishika kiuno.

"Haiya! Mwikali! Hayo maua nilinunua!"

Ulitusimulia hiyo pia, na tulicheka mpaka jirani akagonga mabati. Ilinichukua muda mrefu kuacha kuicheka.

Halafu ikaja ile Jumapili ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Ulikuwa umeupika tangu tulipotoka kanisani, laini, wenye kunde, na bado kukawa na punje moja ya mahindi iliyokataa kuiva. Uliitafuna ukaacha kutafuna. Ulitia kidole mdomoni, ukakitoa, ukakitia tena. Baba akauliza kuna nini. Hukumjibu Baba. Ulinigeukia mimi, na sauti yako ilikuwa ndogo, ile ambayo nafikiri marehemu nyanya ndiye aliyeijua.

"Mwaitu, jino linacheza."

Jino la mbele, la juu. Uliligusa kwa ulimi tukaliona likienda na kurudi. Mwanangu, mimi nimeona watoto waking'oka meno, nimeona Kyalo akilitupa lake juu ya paa na kuomba lingine. Sijawahi kuona la mama likicheza. Nilihisi kama nimeona ukuta wa nyumba ukipumua. Kyalo aliacha kula. Na wewe, jambo la kwanza ulilosema lilikuwa, "Labda silisugui vizuri hilo." Usiku ule ulilisugua zaidi. Nilisikia kutoka upande wangu wa pazia, kwaru, kwaru, kwaru. Nilijua ni makosa, na haya ikanifunga mdomo.

Ndiyo maana nilikufuata kliniki. Ulidhani nimekuja kukubebea mkoba. Nilikuja kwa sababu niliogopa hutasema ukweli, na kweli, yule dada wa meno alipokuuliza kama huwa unatoka damu, ulisema "mara moja moja." Nikainama nikasema, "Kila siku." Ulinikata jicho. Hiyo ndiyo adabu iliyonishinda siku ile, nami siijutii.

Alikufungua mdomo, akapitisha kioo chake kidogo. Kisha akauliza bila ukali wowote:

"Mama, huwa unasugua nini hasa?"

"Uchafu."

"Uchafu gani?"

Ulimwonyesha kwa kidole. Ile rangi ya kahawia kwenye meno ya mbele, ile mistari unayoifunika kwa kiganja tangu nikujue, ile iliyokufanya uombe picha ya kitambulisho ipigwe mdomo ukiwa umefungwa na hata ya harusi. Akaisogeza taa karibu zaidi.

"Hakuna uchafu hapa," akasema. "Meno yako ni safi kuliko ya watu wengi wanaoketi kwa hicho kiti. Hii ni rangi ya jino lenyewe. Iliingia wakati jino linajengeka, ukiwa mtoto, kwa madini ya maji uliyokunywa. Haitoki kwa mswaki. Unachotoa ni fizi. Ona hapa, imepanda, mzizi uko nje. Ukiendelea hivi, hili litatoka, na la pembeni litalifuata."

Nilitegemea utauliza juu ya jino. Uliuliza, "Haitoki?"

"Haitoki kwa kusugua."

"Hata kwa mkaa?"

"Mama, umekuwa ukitumia mkaa?"

Mkaa, majivu, magadi, chumvi, chungwa bichi, na ule unga ambao mtu aliuza pale stejini akiapa kwa Mungu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekutwangia mkaa mara nyingine, kwenye kile kinu kidogo, nikaupepeta vizuri ili usikukwaruze. Tulifanya pamoja, ukiniita fundi wako.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipita wauza samaki, tukapita watu wakikusalimia "Sasa Mama Syombua!", ukawapungia tu. Nilifikiri una hasira nami. Tulipofika mlangoni ndipo uliposema, ukiutafuta ufunguo, kama unayeongea na kufuli: "Maisha yangu yote nimekuwa nikiosha kitu ambacho si kichafu."

Jioni ulimpigia Mjomba Mutua, ukaweka simu itusikilizishe wote. Ulimuuliza kwa nini yeye na dada zako wakubwa wana meno meupe na wewe huna. Alicheka kwanza. Kisha akakumbuka.

"Sisi tulikunywa ya mtoni," akasema. "Ya kuchimba mchangani, yenye matope. Wewe ulizaliwa kisima cha mashine kikiwa kimekuja. Mama alikuwa anasema hayo ya mtoni ni ya ng'ombe na sisi, hayo safi ni ya Mwikali. Alikuwa anaenda mbali kuyapanga foleni. Tulikuwa tunakuonea wivu, wewe!"

Hapa sasa, mwanangu, ndipo ninapotaka kusema kama mama yako. Yeye hayuko tena wa kusema, na jina lake ninalo mimi.

Nilikunywesha maji yale mimi. Niliyatazama kwenye kibuyu yakawa meupe kama hewa, nikafikiri Mungu amenikumbuka. Wakubwa zako niliwapa maji ya mtoni yenye rangi ya chai nikihuzunika, nao wakapata meno meupe. Wewe nilikupa maji ya kung'aa, nikifurahi, nawe ukapata meno yenye rangi ya chai. Nani angejua? Nilitembea na mtungi mgongoni na jua kichwani kwa ajili ya kahawia hiyo. Niliibeba kutoka mbali. Sijui wewe utaiitaje sasa, lakini mimi niliyeibeba siwezi kuiita uchafu, na ningekuona unaisugua mpaka damu ningekunyang'anya mswaki nikautupa motoni.

Ni hayo tu aliyotaka kusema, nafikiri. Narudi kuwa mimi.

Yule dada wa meno hakusema lazima uutumie wa stima, nawe unapenda kunikumbusha hilo. Ni kweli. Alisema mswaki wa kawaida, laini, unatosha kabisa, mradi mkono uwe mwepesi. Alisema pia wa stima hautafanya meno yako yawe meupe, tusidanganyane. Lakini alipouona mkono wako ulivyofanya mazoezi kwenye meno yake ya plastiki ya kufundishia, na meno ya plastiki yakateleza yakaanguka chini, alicheka akasema, "Mama, kama nyumbani uko na ule wenye taa, utumie huo. Uwe mwalimu wako. Mkono umezoea miaka mingi, hautajua wenyewe kwamba unakandamiza." Akakupa na mfano: upige mswaki kama unayepangusa nyanya iliyoiva, usiichubue.

Wewe hukuchukua ule kuwa mfano. Ulipitia kwa mama mboga ukanunua nyanya.

Nitaikumbuka wiki ile hata nikiwa mzee, nikiwa Syombua wa kweli. Baba anarudi kutoka karakana, vumbi la mbao kichwani, anakukuta umekaa kwenye stuli unapigia nyanya mswaki.

"Sasa tumefika hapa," akasema. "Watu wa Kibera wanakula nyanya, sisi tunazisafisha meno."

"Nyamaza, utaifanya ikasirike."

Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ikachubuka. Kyalo aliipa ya tatu jina, akaiita Boss, akaichorea macho kwa kalamu yangu, na kila taa ilipowaka nyekundu alisema kwa sauti nyembamba, "Wacha, Mum, naumia!" Ulicheka sana, na ulipocheka mkono mmoja ulikuwa na mswaki na mwingine una nyanya, kwa hiyo hukuwa na kiganja cha kufunika. Nilikuona meno yote. Nilishtuka tena, kwa namna nyingine. Nina umri huu wote na nilikuwa sijawahi kukuona ukicheka hadi mwisho wa mdomo. Una meno makubwa. Yana mistari kama ya mbao anazochagua Baba, zile anazosema hazipakwi rangi kwa sababu zina yake. Nilitaka kukuambia, nikasema tu nyanya imeanza kuvuja.

Boss alipona. Tulimla kwenye kachumbari, Kyalo akalia kidogo.

Halafu ukahamia mdomoni, na hapo tukakuta shida ambayo karatasi ya maelezo haikuisema. Taa iko shingoni mwa mswaki. Ukiwa unapiga mswaki huioni. Kwa hiyo ukatupa kazi. Kila asubuhi na jioni unasimama mlangoni na karai, unauliza kwa povu, "Rangi gani?" Kyalo anajibu, "Red!" "Sasa?" "Bado red!" "Sasa?" "Green! Green! Aaa, umeharibu." Nikiwa mimi zamu yangu, unaniuliza, "Mwaitu, rangi gani?" nami nakuambia, nyekundu, punguza, punguza, hapo. Damu ilipungua. Kisha siku moja povu likawa jeupe tupu, ukaniita nije nione ndani ya karai, na tulisimama wawili tukiangalia povu kama watu waliookota kitu.

Ndiyo maana sielewi, mwanangu, na ndiyo maana leo nimeukuta nyuma ya majani chai na nimeingiwa na hofu. Nimekusikia ukimwambia Baba sababu zako. Kwamba binti wa Shosho, anayemhamishia mama yake kwake Nanyuki pamoja nawe, ni mtu wa maana, atasikia mashine inanguruma chumba cha mfanyakazi, atasema umekuja na drili. Kwamba mswaki wenyewe ulikuwa wa mama yake na ataona umejipa makuu. Kwamba ukizoea kitu cha kuchajiwa utakuwa mtumwa wa chaji. Kwamba bora tubaki nao sisi. Baba alisema "sawa" kwa zote, kwa sababu Baba anakuogopa.

Mimi sidhani ni hizo. Shosho mwenyewe atakuwa chumba cha pili, meno yake ndani ya glasi, na mtu akiuliza juu ya kelele atampa jibu la kumfanya asiulize tena. Chaji inakaa siku nyingi. Sisi hatuuhitaji, Kyalo anautaka kwa kuogofya paka tu. Nafikiri sababu ni moja ambayo hukuisema: kule hakuna wa kumuuliza rangi gani. Hutamwita mtu wa nyumba ile aje akutazame mdomo. Utasimama peke yako, taa itawaka usiione, na utasema bora nishike ule ninaoujua. Na ule unaoujua utalitoa jino kabla ya mvua.

Kuna njia nyingine, nawe unaijua kama ninavyoijua, ndiyo maana hakuna aliyeitaja. Ni kioo.

Nyumba yetu ina kioo kimoja, kile cha Baba cha kunyolea ndevu, kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Nimekuona ukifunga kilemba mbele yake. Unatazama kilemba. Ukimaliza kilemba unatazama sikio, hereni, kola. Mdomo umeufunga, na macho yako yanaupita kama mtu anayepita nyumba yenye deni. Sikumbuki kukuona ukifungua mdomo mbele ya kioo. Ninachokuomba si kidogo, najua. Kuiona taa itabidi uyaone na meno.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa maneno ya kukushawishi. Nilikuwa nayo mengi, mengine mazuri. Lakini nimekatizwa.

Umetoka sasa hivi kuosha vyombo. Baba yuko nje na majirani, Kyalo amelala na kiatu kimoja. Nimekusikia ukisogeza mkebe wa majani chai. Nimesikia boksi. Nimesikia maji kwenye kikombe, halafu ule mlio mwembamba. Umeanza vizuri. Halafu mlio ukashuka, ukanuna, na kupitia pazia nimeona wekundu kidogo ukutani.

"Mwaitu," umeniita, povu mdomoni. "Rangi gani?"

Nimeshika kalamu na sijajibu. Nisamehe. Haikuwa dharau. Nimejibana pumzi kama mtu anayejificha.

"Mwaitu? Umelala?"

Sijajibu.

Mswaki ukaendelea kununa. Kisha nimesikia kitu kikikwaruza ukutani, kidogo tu, kama msumari ukiachia kamba. Halafu kimya kirefu ambacho ndani yake kulikuwa na mashine tu. Sijui umetazama nini katika kimya hicho, na kwa muda gani, na sitakuuliza. Ninachojua ni kwamba mlio ulipanda. Ukawa mwembamba tena, ukakaa pale, upande mmoja, mbele, upande wa pili, haukushuka hata mara moja mpaka ulipojizima wenyewe.

Na nimekusikia ukijiambia, kwa povu, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka mwenyewe: "Kijani."

Basi nafunga hapa kabla hujaja kuzima taa. Barua hii nitaiweka juu kabisa ndani ya begi, chini ya zipu. Ule mswaki mgumu nimeuchukua, Baba atautumia kusafishia msumeno. Kioo ubaki nacho, mwanangu, kifunge ndani ya leso kisivunjike. Baba akitaka kunyoa nitamshikia sufuria. Wewe mwenyewe ulizisugua, zinaonyesha uso vizuri tu.

Mama yako,
Syombua